Aliyepiga Hodi

Kulikuwa na maziwa ya kununuliwa, na mkate, basi. Hiyo ndiyo safari iliyomtoa Jokha nyumbani kwa mzee Leonard jioni ile ya Disemba, na lau angeshika njia yake akaenda dukani kama watu wengine, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Jokha hakujaliwa kuupita mlango akauacha salama. Milango ndiyo ilikuwa maradhi yake.

Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, huko Edmonton, kaskazini mwa London. Mwanamke mfupi, mtandio wa buluu, koti jeusi la mvua. Atamwogesha mzee, atamlisha, atampa dawa zake, atamfungia pazia. Akishatoka tu, simu iko mkononi, anapiga picha. Wala si za watu, wala si za maua. Alikuwa akipiga nyumba vipande vipande: mkono wa shaba wa kubishia hodi, vigae vya kizingitini, vioo vya rangi juu ya mlango, simba wa saruji aliyevunjika pua. Nyumba za safu za mitaa ile ni za zamani sana, na Jokha alikuwa akisema kila fundi aliacha mahali kitu kidogo cha kujifurahisha nafsi yake, ila mpaka usimame ndipo ukione.

Na alikuwa na adabu yake moja. Hapigi picha mlango wa mtu mpaka kwanza apige hodi. Si kwa kugonga, la. Kwa mdomo, chini chini, kama mtu anayesema bismillahi kabla ya kutia tonge. Bibi yake ndiye aliyemlea hivyo, huko Unguja. Mlango ni wa mtu, usiukodolee macho kama mwizi, piga hodi. Usipojibiwa mara ya tatu, nenda zako. Ukijibiwa karibu, ingia, hata kwa glasi ya maji, maana kumgeuzia mgongo aliyekukaribisha ni kumtukana nyumbani kwake.

London hakuna aliyewahi kumjibu. Kwa hiyo hodi ikabaki kuwa mazoea ya mdomo.

Sasa nikwambie habari za Miska, maana bila Miska hakuna hadithi.

Miska alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Jokha. Alizaliwa hapahapa London, na mama yake alipofariki, Jokha na mumewe Riyadh wakamchukua na kumlea tangu ana meno ya utotoni. Kiswahili anakisikia chote, huwezi kumsengenya mbele yake, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Amekua, kapata kazi kiwanja cha ndege, kapanga chumba huko Hayes. Na kazi ile ina tiketi za bei ya chini. Wiki hii yuko Lisbon, wiki ijayo Marrakesh, mara Istanbul, mara Unguja yenyewe. Kila anakokwenda anapiga picha za milango na madirisha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na mama yake mdogo. Kamera yake ya mwanzo alipewa na Jokha. Ukurasa wa mtandaoni wanakoweka picha zao aliufungua Jokha, akampa mtoto neno la siri ili naye atie zake.

Mtoto akatia. Loo, akatia.

Jokha akiweka simba wake wa Edmonton, anapata mioyo ya kuhesabika, na mmoja wapo ni wa Miska. Miska akiweka vigae vya Lisbon, mioyo inamiminika mpaka simu inapata moto. Watu wakaanza kuuita ule ukurasa wa Miska. Hakuna aliyewarekebisha, na Miska mwenyewe, wallahi sijui kama hata aliliona hilo. Kisha maktaba moja ikataka kutundika picha za ukurasa ule ukutani, ikamwandikia barua pepe Miska.

Hata hayo Jokha angeyameza. Lililomkaba ni Riyadh. Riyadh, anayeendesha gari la mikate usiku kucha na hajui dirisha na tundu la panya, chini ya kila picha ya Miska aliandika "Mashallah mwanangu". Kwa mkewe hakuwahi kuandika neno. Siku alipomuuliza, akacheka. "Wewe si nakuona kila siku?"

Kijicho, ndiyo. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema. Alimwonea kijicho mtoto aliyemlea kwa mikono yake, donge likamkaa hapa, kooni, akawa analala nalo na kuamka nalo.

Basi jioni ile akatoka kwa mzee Leonard kwenda kununua maziwa.

Mbele ya nyumba ya mzee, ng'ambo ya barabara, kuna safu ya nyumba ambazo kila moja ina sura ya mwanamke juu ya mlango, ya jiwe. Zote zimetoka kwenye kalibu moja. Nywele zilezile za mawimbi, mdomo uleule uliofungwa. Jokha alishazipiga picha zamani akazichoka. Jua limekwisha kuzama, taa za barabara ndiyo kwanza zinawaka, na yeye anafunga zipu ya koti, alipoinua macho akaiona nyumba ya mwisho.

Sura yake haikuwa ile.

Ilikuwa ya mwanamke mwembamba, mtu mzima, mashavu yameingia ndani. Kichwani hakuna mawimbi ya nywele. Kuna kitambaa, kimezungushwa shingoni na kutupwa begani, vile wanavyojitanda wanawake wa kwao. Na mdomo uko wazi kidogo, kama amekatizwa neno.

Jokha akavuka barabara bila kutazama magari. Kijigeti kilikuwa wazi. Madirisha ya chini yamezibwa kwa mbao, majani yameota baina ya vigae. Akasimama chini ya ile sura, akainua simu, na mdomo wake ukafanya kazi yake ya siku zote.

"Hodi."

"Karibu."

Simu ilitaka kumponyoka. Akabaki amesimama vilevile, mkono juu, anasikiliza. Gari likapita. Mbwa akabweka nyumba ya pili. Pengine ni redio ya jirani, akajiambia. Lakini redio gani ya Edmonton inayosema karibu?

"Karibu," ikasema tena, kutoka nyuma ya mlango. Sauti ya bibi. Sauti ya Pemba, ile ya kuvuta polepole. "Mbona wasimama nje? Baridi hiyo."

Harufu ikampata. Udi, na chai ya hiliki, na chini yake unyevu wa ukuta uliooza.

"Umekuja na nani?"

Jokha akarudi nyuma hatua moja.

"Peke yako?" Sauti ilikuwa imesogea karibu na tundu la barua. "Na mwenzio yu wapi? Yule akuumizaye moyo."

Akakimbia. Hakuingia, hakuaga, alimgeuzia mgongo mwenye nyumba aliyemkaribisha, akafika nyumbani bila maziwa wala mkate.

Lakini picha alikuwa ameshaipiga, kidole kilibonyeza chenyewe alipostuka. Alipoitazama jikoni, mwili ukamsisimka, na wakati huohuo akajua kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kama ile. Mwanga wa taa ya barabara ulilala shavuni mwa jiwe ukalifanya nyama. Angepaswa kuifuta. Akaiweka kwenye ukurasa.

Asubuhi mioyo ilikuwa imejaa, maelfu. Akaketi kitandani anasoma maneno ya watu, na kadiri alivyosoma ndivyo uso ulivyombadilika. *Miska, umepita kiasi safari hii. Miska, hii ni nchi gani? Miska, una jicho.*

Na chini kabisa, Riyadh, kutoka kwenye gari lake la mikate. *Mashallah mwanangu.*

Jokha akaizima simu akaiweka chini ya mto, akaikalia.

Mchana alipokwenda kwa mzee Leonard alimwonyesha ile picha. Mzee Leonard ni Mwingereza, amezaliwa kwenye mtaa ule, miguu imekufa lakini kichwa kizima. Aliitazama kidogo tu, akausukuma mkono wake.

"Funga pazia," akasema.

"Nyumba ile ya nani, babu?"

"Haina mtu." Mzee akaligeuzia dirisha kisogo. "Aliyekaa mwisho ni mwanamke wa kwenu. Akijitanda kama wewe. Alikuwa na dada yake aliyepata maisha mazuri kumshinda, na hilo lilimla. Kila jioni alisimama pale mlangoni kumwita dada yake aje anywe chai. Dada hakuja."

"Kisha yeye akaenda wapi?"

Mzee akamtazama kwa macho yake ya maji. "Hakwenda popote. Kabla yake pale juu palikuwa na sura nyingine. Sasa funga pazia, mama."

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Angebadilisha njia, angesoma Ayatul Kursiyu, angelala na Msahafu kichwani. Jokha naye hakuwa mjinga. Aliogopa, aliogopa kwelikweli, lakini kila alipoogopa aliyakumbuka yale maneno, *Miska, una jicho*, na woga ukaipisha hasira ipite. Jioni alipomaliza kazi miguu ilivuka barabara.

Safari hii hakuinua simu. Alisimama mbele ya mlango mikono mifukoni.

"Umerudi," ikasema sauti, kabla hajapiga hodi. "Jana umenitia aibu. Nakukaribisha, wanikimbia."

"Wewe ni nani?" Jokha alinong'ona.

"Mwenye nyumba."

"Wataka nini kwangu?"

Kikombe kikagonga kisahani, mahali ndani gizani.

"Wewe ndiye utakaye. Nimekusikia jana hata hujafungua mdomo. Yule mtoto ana jicho lako. Ulimwazima, hakurudisha." Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale. "Mlete. Apige hodi tu, mie nitamkaribisha. Nawe jicho lako nitakurejeshea, na jina lako pia."

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Najua. Wa mbali hanifai."

Upepo ukapita juu ya majani ya kizingitini. Jokha hakusema ndiyo. Mpaka leo hilo ndilo analojitetea nalo, kwamba hakusema ndiyo.

"Na asipokuja?" akauliza.

"Chai imeshatengenezwa," ikasema sauti. "Lazima inywewe na mtu."

Usiku ule Riyadh alipotoka kwenda kazini, Jokha akachukua simu akamwandikia Miska. Alifuta, akaandika tena, akafuta. Mwisho akaandika hivi: *Mwanangu, kuna sura juu ya mlango huku kwetu, hujapata kuona mfano wake. Njoo Jumamosi jioni, taa zikiwaka tu. Lakini piga hodi, tafadhali, piga kwa sauti. Ni nyumba ya bibi mmoja wa kwetu, atafurahi.* Akamwekea na anwani.

Miska alijibu kwa Kiingereza chake, na moyo mwekundu mwishoni. Atakuja. Na amemkumbuka sana mama yake mdogo, baada ya picha waende wakanywe chai nyumbani.

Miska hakuwahi kupiga hodi maishani mwake, na hilo lilikuwa ugomvi wao wa miaka. Anaingia tu. Anafungua jokofu la watu. Anasimama mbele ya mlango wa mtu baki anaupiga picha kama ni wa baba yake. "Hodi, Miska, hodi," Jokha alimgombeza tangu utotoni, na mtoto anacheka, anasema hapa kuna kengele. Ndiyo maana Jokha aliandika ile hodi mara mbili. Alitaka kuwa na hakika. Nakwambia ili ujue alikuwa anafanya nini.

Jumamosi ikafika, na mvua nyepesi. Jokha alikuwa kwa mzee Leonard, kavua viatu mlangoni kama kawaida yake, kamlisha mzee supu, kamfunika blanketi. Kisha akasimama dirishani, kwenye ufa wa pazia, taa ya chumba kaizima.

Taa za barabara zikawaka.

Miska akaja kutoka upande wa stesheni, na koti lake la manjano, kamera inaning'inia kifuani. Alikuwa akiimba peke yake, unaona kwa kichwa kinavyokwenda. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili, akitazama zile sura za mawimbi, akifurahi. Akaifikia ya mwisho. Akaingia kijigeti.

Akasimama chini ya ile sura, akavua kofia, akaitazama muda mrefu. Vile alivyofundishwa kutazama. Kwanza kwa macho, mwanangu, kamera baadaye.

Jokha aliushika ukingo wa dirisha. Kutoka pale aliuona uso wa Miska wa upande mmoja, na mdomo wake. Akautumbulia macho ule mdomo. Haukutikisika. Miska akainua kamera. Bado haukutikisika. Na kioo cha dirisha kikawa kinaingia ukungu, kinafutika, kinaingia ukungu, mpaka Jokha akagundua kwamba ni pumzi yake, kwamba yuko anasema.

"Sema. Sema hodi. Sema, mwanangu, sema."

Alijisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Akautia mkono mdomoni akauuma. Kisha akatoka mbio, na soksi, bila koti, akavuka barabara iliyolowa, gari likampigia honi.

"Miska," alikuwa akiita. "Miska, usiseme kitu. Nyamaza. Toka hapo."

Miska alikuwa ameshafika kwenye kijigeti anatoka, anatabasamu. Alipomwona mama yake mdogo na soksi zinachuruzika maji, tabasamu likasita.

"Vipi, mama mdogo?" aliuliza kwa Kiingereza. "Kuna nini?"

"Umepiga hodi?"

Miska akainamisha kichwa, akaona haya, akawa mtoto tena. "Nimesahau. Najua uliniambia. Usinikasirikie."

Jokha akamkumbatia. Alimkumbatia pale barabarani kwa nguvu mpaka kamera ikawaumiza wote wawili vifuani, na akalia, na Miska anacheka anamwuliza analilia nini, ni hodi tu.

"Halafu kuna bibi mle ndani," Miska akasema. "Alikuwa anasema karibu, karibu. Lakini mimi sikupiga hodi, nikajua anamkaribisha mtu mwingine. Nikamwambia samahani, napiga picha tu."

"Akasema nini?"

Miska akakunja uso kidogo, kama anakumbuka. Kisha akafungua mdomo, yeye ambaye hajawahi kuunga sentensi nzima ya Kiswahili, akasema polepole, kwa matamshi ya Pemba: "Mwambie aliyepiga hodi, chai yapoa."

Akapepesa macho. Akaendelea kwa Kiingereza, kama hakuna kilichopita, kwamba aione picha, aione, hajawahi kupata mwanga kama ule.

Akamwonyesha.

Kitambaa kilikuwa kimetupwa begani vilevile. Lakini mashavu hayakuwa yameingia ndani. Yalikuwa ya mviringo, na kidevu kifupi, na alama ya ndui upande wa kushoto ambayo Jokha anaitazama kwenye kioo kila asubuhi. Mdomo uko wazi kidogo. Umekatizwa neno.

"Si anafanana na wewe?" Miska akasema. "Ndiyo maana ukaniita, eh?"

Na hata hapo, Mungu amsamehe, hata hapo, kabla ya woga, kilichomchoma kwanza kilikuwa uzuri wa ile picha. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Matone ya mvua yalisimama kwenye kope za jiwe. Yeye asingeyaona.

Hakugeuka kuitazama nyumba. Alirudi kwa mzee Leonard kuchukua viatu na koti, Miska akamngoja nje. Mzee alikuwa macho. Alimtazama Jokha usoni, akatazama dirisha, akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Kesho," akasema, "waambie wanitumie mwingine."

Nyumbani kwa Jokha si mbali. Ni nyumba ya manispaa, mlango mweupe wa plastiki, hauna sura wala kigae wala kitu cha kupiga picha. Riyadh alishatoka kwenda kazini. Taa zote zimezimwa, na Jokha mwenyewe ndiye aliyezizima asubuhi. Miska njia nzima alikuwa anazungumza, habari za maktaba, kwamba picha hii ndiyo itakayotundikwa katikati, kubwa, ukuta mzima. Jokha alikuwa akiitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, na anatafuta ufunguo.

Harufu ya hiliki ilimkuta kabla hajauingiza kwenye tundu.

"Karibuni," ikasema sauti, kutoka ndani ya nyumba yake. "Mbona mwakawia?"

Miska akamtazama. "Una mgeni?"

Jokha akaurudisha ufunguo mfukoni. Na Miska, kwa kuwa ni mtoto mwema, kwa kuwa leo alimuudhi mama yake mdogo hata akamliza barabarani, akataka kumfurahisha. Akajiweka sawa mbele ya mlango. Akasafisha koo. Akatabasamu, mwenye fahari, ataonyesha leo kwamba naye amelelewa.

"Ho..."

Kiganja cha Jokha kilimfika mdomoni kwa kishindo. Kilimbana kichwa mpaka ukutani.

"Usiseme," alimnong'oneza sikioni. "Nisikilize. Nenda zako. Nenda stesheni, panda treni, nenda Hayes, na usipige hodi kwangu. Leo wala kesho wala nikiwa maiti. Umenielewa?"

Macho ya Miska yalijaa machozi juu ya kile kiganja. Kiingereza chote kilimwishia. Akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie Riyadh," Jokha akaanza, kisha hakujua amwambie nini. Akamwachia. Akangoja mpaka koti la manjano likapinda kona, ndipo akafungua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake.

Jikoni hapakuwa na mtu. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili kwenye visahani vyake, vinafuka moshi. Vikombe si vyake. Kiti kimoja kilikuwa kimevutwa nje kumngoja. Kile cha pili kilikuwa kwenye kona, pale mwanga wa barabara usipofika.

Akaketi.

"Mwenzio yu wapi?" ikauliza kona.

"Nimekuja peke yangu."

Bomba likadondosha tone. Kisha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka kusimama miaka mingi, ambaye hatimaye kaambiwa apumzike.

"Kunywa basi."

Jokha alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Ilikuwa chai nzuri, sukari kiasi chake. Alikunywa haraka, ulimi unaungua, akakiinamisha mpaka akaliona ua lililochorwa chini ya kikombe. Imekwisha. Mtoto yuko kwenye treni, na chai imekwisha. Akakirudisha kwenye kisahani, akajiambia kwamba ametoa alichokuwa anadaiwa, kwamba ataamka, atawasha taa, na kona itakuwa tupu.

Simu ikawaka mezani.

Miska aliiweka picha, pengine palepale stesheni, na machozi yake. Jokha aliiona ile sura ndogo ya jiwe kwenye kioo cha simu, sura yake, na pembeni mioyo inaanza kupanda. Akajiambia asitazame. Akajiambia ni mtoto wake, amemlea, amefurahi kwa ajili yake. Mioyo ikapanda. Maneno ya watu yakaanza kuingia, moja juu ya jingine. *Miska. Miska. Miska, hii ni kubwa kuliko zote.* Na katikati yao, kutoka mahali fulani barabarani, Riyadh.

*Mashallah mwanangu.*

Kilimchoma. Kidogo tu, palepale pa siku zote, kooni. Hakutaka, wallahi hakutaka.

Kona ikacheka chini chini.

Jokha akainamisha macho. Kikombe mbele yake kilikuwa kimejaa, moshi unafuka.